Sura ya Tano: Kiroba Kwenye Pamba

Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, njia zote za vumbi za Bariadi, Itilima na Maswa huelekea kwenye mizani. Mikokoteni ya ng'ombe inafika imejaa hadi juu, baiskeli zinakuja na mizigo inayomficha mwendeshaji, na akina mama wanatua mafurushi kutoka kichwani. Kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, karani anaingiza mkono ndani ya mzigo hadi kiwikoni, anavuta konzi moja kutoka chini kabisa, anaipasua kwa vidole na kuitazama. Anatafuta majani makavu, mchanga, unyevu na pamba iliyoharibiwa na wadudu. Iliyo nyeupe isiyo na takataka ni pamba safi. Yenye madoa ni fifi, na fifi haina bei ya safi. Kisha huja maswali.

"Mayu, hii umechumia kwenye nini?"

"Kiroba, mwanangu. Kile cha mbolea."

"Salfeti hapana, mayu. Mwakani shona mfuko wa kitambaa. Hata shuka kuukuu linatosha."

"Shuka lenyewe ndilo ninalojifunika."

Mazungumzo ya namna hii yana haki pande zote mbili. Kiroba, yaani salfeti, ndicho chombo rahisi kuliko vyote anavyoweza kupata mkulima, na mara nyingi hakukinunua: kilikuja nyumbani na mbolea, sukari au unga, yaliyomo yakaisha, chenyewe kikabaki. Lakini kina tabia ambayo mizani haiioni. Kinatoa nyuzi. Kigeuze kiroba kilichotumika misimu miwili, kikung'ute juu ya kitambaa cheusi, utaona vinyuzi vyeupe na vibanzi vidogo vinavyong'aa. Vikiwa ndani ya lundo la pamba, vyeupe katikati ya weupe, hata karani mwenye macho makali havioni.

Sura hii inaifuata plastiki ya kiroba hicho kutoka ghalani na jikoni hadi kiwandani. Sifa inayoifanya ipendwe nyumbani ndiyo hiyohiyo inayoifanya iogopwe na wenye viwanda vya nguo. Na urejelezaji wake, Bariadi kama kwingineko, unaishia kwenye swali moja la kawaida: nani analipwa kwa kuitenganisha na vitu vingine?

Plastiki isiyoshikwa na kitu

Kiroba husukwa kwa polipropilini, mojawapo ya plastiki zinazotengenezwa kwa wingi zaidi duniani. Malighafi yake ni propilini, gesi inayopatikana mafuta ghafi na gesi asilia vinapochakatwa. Molekuli za gesi hiyo zikiungwa kwa maelfu, moja nyuma ya nyingine, hutoa mnyororo mrefu. Mwaka 1951 wanakemia wawili wa kampuni ya Phillips Petroleum nchini Marekani, J. Paul Hogan na Robert Banks, walikuwa wakijaribu kuigeuza propilini kuwa sehemu ya petroli, mtambo wao ukawatolea kitu kigumu cheupe. Mwaka 1954 Giulio Natta, profesa mjini Milano, Italia, akitumia vichocheo vilivyotokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, alitengeneza polipropilini ambayo viungo vyake vimejipanga kwa utaratibu mmoja. Mpangilio huo ndio ulioifanya iwe imara na iweze kustahimili maji ya moto. Italia ilianza kuizalisha kibiashara mwaka 1957, na mwaka 1963 Ziegler na Natta wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ukitaka kuielewa polipropilini, shika mambo matatu. La kwanza, ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. La pili, huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na ikipoa huwa ngumu tena, tayari kuyeyushwa mara nyingine. La tatu, na ndilo kubwa, imeundwa kwa kaboni na hidrojeni tupu, bila pahali pa kitu kingine kujishikiza. Maji hayaingii. Gundi ya dukani haishiki, inabanduka kama ilivyopakwa. Rangi ya kutilia nguo haizami. Mengi mazuri na mabaya ya kiroba yanatokana na jambo hili la tatu.

Nyumba moja, vyombo kumi

Ingia kwenye nyumba yoyote mjini Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi uhesabu. Kuna beseni la kufulia, jagi la maji ya kunywa na ganda la nje la chupa ya chai. Kuna ndoo na kifuniko chake, mkeka wa plastiki unaotandikwa wageni wakija, kamba ya manila inayomfunga mbuzi, na mara nyingine kifuniko cha chupa ya maji, ingawa chupa yenyewe ni ya plastiki nyingine. Uani kuna pikipiki ambayo ganda la betri yake mara nyingi ni polipropilini. Kwenye zahanati ya kata, bomba la sindano ni hiyohiyo. Barakoa nyingi za hospitali tulizozizoea mwaka 2020 zilitengenezwa kwa nyuzi zake.

Halafu kuna kiti. Mwaka 1963 Mwingereza Robin Day alibuni kiti chenye kalio na mgongo wa polipropilini kilichosambaa dunia nzima, na mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti cha kipande kimoja, miguu na mikono humohumo, kinachotoka kwenye kalibu bila msumari wala gundi. Vizazi vya kiti hicho ndivyo vinavyokodishwa leo kwa harusi na misiba, vikiwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine nyuma ya kirikuu.

Chombo chenyewe hujitambulisha. Kipindue: penye pembetatu yenye namba 5, mara nyingi pamoja na herufi PP, hapo pana polipropilini. Kama alama imefutika, kuna njia nyingine. Kata kipande kidogo ukitie majini. Kikizama, pengine ni plastiki ya chupa za maji na soda, au ile ya mabomba. Kikielea, ni polipropilini au ndugu yake polithilini, inayotengenezewa madumu na mifuko laini. Kuzitofautisha hizo mbili maji hayasaidii tena, unahitaji vidole: polithilini ni laini na ina utelezi kama wa nta, polipropilini ni kakamavu na ikikunjwa hupiga kelele.

Kutoka katani hadi salfeti

Kabla ya kiroba kulikuwa na gunia. Kwa miongo mingi mazao ya Tanzania yalisafiri kwenye magunia ya juti kutoka Bengal na ya katani yetu wenyewe, yakiwemo yaliyosukwa kiwandani Moshi. Lilikuwa zito, linavuta unyevu, linaoza na linaliwa na panya. Lakini lilikuwa la kahawia: uzi wake ukiangukia kwenye pamba ulionekana kwa mbali.

Kiroba kilishinda kwa wepesi na bei, na namna kinavyotengenezwa inaeleza pia udhaifu wake. Kiwandani polipropilini iliyoyeyushwa hutandazwa kuwa utando mwembamba, utando hukatwa kuwa tepe, na tepe huvutwa zikiwa na joto hadi molekuli zote zilale upande mmoja. Ndiyo maana tepe moja isiyo na uzito wa kutajika haikatiki kirahisi ukiivuta kwa mikono. Ila nguvu hiyo ni ya urefu tu. Ukiichokoa kwa kucha upande wa upana, inachanika kuwa nyuzi, na kila uzi nao unachanika tena.

Kwenye nafaka tabia hiyo haina madhara makubwa, kwa kuwa mahindi na mpunga hupepetwa na kuoshwa. Hapo kiroba kimekuwa rafiki mkubwa wa kaya. Kuna hata mifuko ya PICS, iliyozaliwa kwenye utafiti wa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Kamerun kwa ajili ya kunde. Ndani ina mifuko miwili ya polithilini inayozuia hewa, nje ina kiroba kinachobeba uzito. Ikifungwa barabara, wadudu walioko ndani wanamaliza oksijeni na kufa bila dawa. Kwa Kanda ya Ziwa na Tabora hilo si jambo dogo: dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Skania, anaweza kugeuza mahindi kuwa vumbi kabla masika hayajafika.

Uimara huohuo unaisaidia pia lumbesa. Mnunuzi anachukua kiroba kinachobeba kilo 100, anakiongezea kipande cha kiroba kingine kwa shazia na uzi wa manila, anajaza hadi mfuko unaota kichwa, halafu analipa bei ya gunia moja. Sheria inataka mfuko wa mazao usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na mchezo huo kwa miaka. Gunia la zamani lingechanika mapema. Kiroba hakichaniki, kwa hiyo anayechanika ni mkulima.

Uzi mweupe kwenye kitambaa cha buluu

Turudi kwenye pamba. Zaidi ya tisa ya kumi ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Magharibi, upande wa Ziwa Victoria, na Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ndiyo inayoongoza. Kutoka AMCOS pamba mbegu hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia, kama vile Kasoli wilayani Bariadi. Mashine hutenga nyuzi na mbegu: mbegu huenda kukamuliwa mafuta na kutoa mashudu, nyuzi hushindiliwa kuwa marobota. Sehemu kubwa ya marobota hayo huuzwa nje ya nchi.

Tepe ya kiroba ikiingia kwenye mashine hiyo haitolewi. Inachanwa. Kwenye kiwanda cha kusokota, mashine ya kuchana yenye meno madogo mengi inaichana tena, na kilichokuwa kipande kimoja kinakuwa mamia ya vinyuzi vilivyosambaa. Baadhi hukata uzi na kusimamisha mashine. Vilivyobaki hupita kimyakimya, vinafumwa, na kitambaa kinapelekwa kwenye mapipa ya rangi. Hapo ndipo siri inapofichuka. Pamba hunywa maji, na pamoja na maji hunywa rangi. Polipropilini hainywi. Kitambaa kinatoka buluu, na katikati yake kuna mikwaruzo myeupe. Hakuna dawa ya kuiondoa, maana hata ukirudia kukitia rangi mara tatu, plastiki inakataa mara tatu. Jora zima huhesabiwa la daraja la chini.

Viwanda vikubwa vina kamera zinazotazama pamba inavyopita na kupuliza nje kila kilicho na rangi tofauti, lakini kinyuzi cheupe au kisicho na rangi ndicho kigumu kuliko vyote kunaswa. Vingine huajiri watu wa kuokota uchafu kwa mikono. Shirikisho la kimataifa la wenye viwanda vya nguo, ITMF, limekuwa likifanya uchunguzi wa mara kwa mara kuhusu uchafu kwenye pamba za nchi mbalimbali, na vipande vya kitambaa na kamba za plastiki ni miongoni mwa malalamiko ya kudumu. Nchi ikishapata sifa mbaya, bei inakatwa kwa marobota yake yote. Anayechumia kwenye shuka na anayechumia kwenye salfeti wanakatwa sawasawa.

Kinachouma ni kwamba pamba ya Simiyu huchumwa kwa mkono. Mashine kule Marekani hubeba pamba pamoja na majani na vijiti, wakati vidole vya mchumaji huchagua kitumba kilichopasuka vizuri na kuacha kingine. Kwa hiyo pamba yetu ingeweza kuwa miongoni mwa pamba safi kabisa sokoni. Uchafu wake mbaya zaidi haumei shambani. Unaletwa na mfuko wa kuchumia, kamba ya manila inayofunga furushi, turubai la plastiki linaloanikiwa, na kiroba kinachokaa miezi miwili chumbani kikisubiri msimu. Ndiyo sababu wataalamu wa pamba hawaachi kuhimiza mifuko ya kitambaa cha pamba: uzi wake ukidondoka, umedondokea nyumbani kwake.

Jua la Septemba

Kuna kiroba na kiroba. Kipya hutoa nyuzi chache. Kibaya ni kile kilichokaa juani, na Simiyu haina upungufu wa jua. Kwenye mnyororo wa polipropilini, kila kiungo kina hidrojeni moja iliyoshikwa kwa ulegevu kuliko wenzake. Mionzi ya jua na oksijeni huing'oa hiyo kwanza, na palipong'olewa mnyororo hukatika. Viwanda huongeza dawa ya kupunguza kasi hiyo, lakini kwenye kiroba cha bei rahisi dawa ni kidogo au haipo. Kikitandikwa juu ya banda la kuku au kuzungushiwa bafu la uani, baada ya miezi michache kinapauka, kinakauka, na ukikigusa kinameguka vibanzi mkononi.

Vibanzi hivyo havipotei. Upepo wa kiangazi unavipeleka shambani, jembe linavizika. Kamba na vipande vikubwa huliwa na ng'ombe wakati majani yamekwisha. Tumbo la ng'ombe haliwezi kusaga plastiki, wala vipande vilivyojisokota humo haviwezi kutoka, na mnyama hukonda akiwa ameshiba. Katika mkoa ambao ng'ombe ni benki ya kaya, hasara ya kiroba kimoja inaweza kuzidi bei ya viroba vingi vipya.

Njia ya mkato ya wengi ni moto. Kipande cha beseni au kiroba hutumika kuwashia mkaa kwa kuwa hushika haraka na kudondosha matone yanayowaka. Polipropilini haina klorini kama plastiki ya mabomba, lakini kwenye jiko la mkaa haipati hewa ya kutosha kuungua yote. Inatoa masizi na hewa ya sumu, na wino na rangi zilizomo huungua nayo, mbele ya uso wa anayepuliza. Vijiti vikavu vya mpamba vinawasha jiko vizuri, na havigharimu kitu.

Mfuko mbadala nao ni plastiki

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na Kenya ilichukua hatua hiyo mwaka 2017. Kanuni ziliacha nje vifungashio vya kilimo, viwanda, dawa na vyakula vilivyosindikwa, kwa hiyo kiroba hakikuguswa. Kilichotoweka sokoni Bariadi ni rambo, ile mifuko laini ya polithilini iliyokuwa ikining'inia kwenye kila mchongoma.

Mahali pake pakachukuliwa na mfuko mbadala, wenye mpini, unaofanana na kitambaa. Wanunuzi wengi wanauamini kuwa ni kitambaa. Usogeze karibu na jicho: hauna mfumo wa uzi unaopita juu na chini ya mwingine, una nyuzi zilizotawanyika ovyo na nukta ndogondogo zilizobanwa kwa joto. Ni polipropilini, iliyopulizwa kuwa nyuzi na kugandishwa pamoja. Serikali iliukubali kwa sharti la uzito, usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, ili uweze kutumika mara nyingi. Mizunguko mingi ya sokoni ndiyo faida yake pekee juu ya rambo. Ukitupwa baada ya safari moja, tumetupa plastiki nzito zaidi ya ile tuliyoikataza.

Mikono ya fundi

Katika soko lolote la Kanda ya Ziwa hukosi fundi wa kuziba ndoo na mabeseni, na kazi yake inafundisha kemia vizuri kuliko vitabu vingi. Hana gundi, kwa kuwa gundi haishiki. Ana jiko la mkaa, kisu cha zamani na mfuko wa vipande vya plastiki. Kwanza anatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kisha anachagua kipande kinachofanana na beseni, kwa kukikunja na kukisikiliza. Anachovya kisu kwenye makaa, anayeyusha kingo mbili za ufa pamoja na kile kiraka, anapitisha ncha ya kisu huku na huku kama anayeshona, na kusubiri papoe. Kiraka cha polipropilini kwenye beseni la polipropilini hushika. Kiraka kilichokatwa kwenye dumu kinaonekana kushika, kisha hubanduka kwenye kufua kwa kwanza.

Fundi huyo ameshafanya urejelezaji wote kwa udogo: ametambua aina, ametenga, ameyeyusha, ameunganisha kama kwa kama. Na wateja wake humtangulia kwa kutumia tena. Viroba hushonwa pamoja kuwa dari, hutandazwa kuanikia mpunga, hujazwa udongo na kuwa bustani ya mboga karibu na jiko. Matumizi hayo ni mazuri mradi kiroba kisikae juani muda mrefu, na mradi kile kilichobeba mbolea au mbegu zenye dawa kisirudi kubeba chakula.

Kiwandani mchezo ni uleule

Mnunuzi wa plastiki chakavu ana mizani, banda na mirundo. Mabeseni na viti vilivyovunjika ni mali: ni vizito, vya aina moja, na kuvitambua ni rahisi. Vikishafika kiwandani husagwa kuwa vipande vidogo, huoshwa, na hupita kwenye matangi ya maji. Hapo plastiki ya chupa inazama, vifuniko vyake vinaelea na kuenguliwa juu, bila mtu kufungua kifuniko hata kimoja. Vipande hukaushwa, huyeyushwa kwenye nyuzi joto 200 na zaidi, husukumwa kupitia chujio kama tambi, hupozwa na kukatwa kuwa punje. Punje huuzwa kwa mtengenezaji wa mabeseni, viti, vibanio vya nguo au kamba.

Ugumu ni mmoja: polithilini nayo huelea. Vipande vya madumu vikiingia kwenye kundi la polipropilini, hizo mbili huyeyuka kwenye chungu kimoja lakini haziungani kwa dhati, na kiti kitakachotoka kitapasukia pale zinapokutana. Viwanda tajiri vina mashine za mwanga zinazozitambua. Kwingineko zipo sikio na kucha za mtu aliyekaa chini kwenye banda akichagua, na bei ya mzigo hupanda au kushuka kwa umakini wake. Kinyuzi cha kiroba huharibu robota la pamba, na kipande cha dumu huharibu kiroba kinachorejelezwa. Tatizo ni lilelile, limegeuzwa.

Kiroba chakavu kina mizigo mingine. Kina vumbi, unga, wino. Ni chepesi, kwa hiyo lori lililojaa viroba vilivyolegea kuelekea Mwanza limebeba hewa zaidi ya plastiki, mpaka vishindiliwe na kufungwa. Na kikiwa kimechomwa na jua, minyororo yake imeshakatika. Plastiki yake ikiyeyuka hutiririka kama uji mwepesi, na lazima ichanganywe na malighafi mpya ili iwe na nguvu. Kila mzunguko huifupisha kidogo, ndiyo maana punje za mwisho hutiwa rangi nyeusi na kupelekwa kwenye vitu visivyogusa chakula.

Pasipowezekana kutenga kabisa, kuna njia ya kuacha kutenga. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alianzisha Gjenge Makers, inayochanganya polipropilini na polithilini pamoja na mchanga, kuyeyusha na kushindilia kuwa matofali ya kutandika njia. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja kuwa miongoni mwa vijana mabingwa wa mazingira. Tofali halihitaji usafi wa beseni. Ni suluhisho la kweli kwa mabaki yaliyochanganyika, ingawa haligeuki tena kuwa kiroba: plastiki iliyoingia kwenye tofali imefika mwisho wa safari.

Dunia nzima bado iko nyuma. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 na Roland Geyer na wenzake ilionesha kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu zilirejelezwa. Mashine za kuyeyusha zipo kwa wingi. Kinachokosekana ni mzigo uliotengwa na kufikishwa.

Mizani iliyolala

Kwa nini mkulima wa Simiyu anatenganisha safi na fifi, kazi ya kuchosha inayofanywa kitumba kwa kitumba, lakini hatenganishi pamba na nyuzi za kiroba? Kwa sababu kazi ya kwanza ina bei mbili mbele ya karani. Ya pili haina bei yoyote hapo mizani ilipo. Hasara yake inaonekana miezi mingi baadaye, kwenye pipa la rangi nchi za mbali, na ikirudi Bariadi inakuwa imeshagawanywa kwa wote kama punguzo lisilo na jina. Huwezi kumwomba mama atoe shuka lake la kujifunikia ili kulinda bei ambayo hatalipwa yeye.

Mambo mawili yangeweza kubadilisha hesabu hiyo, na yote yanawezekana kwa vyombo vilivyopo. La kwanza ni kulipa nyongeza, hata ndogo, kwa pamba inayoletwa kwenye kitambaa, na kuufanya mfuko wa kuchumia uwe sehemu ya pembejeo, ukopeshwe pamoja na mbegu na dawa na kukatwa kwenye mauzo. Mfuko huo ungeweza kuuzwa pia Nane Nane kwenye viwanja vya Nyakabindi, palipofanyika maonesho ya kitaifa kuanzia mwaka 2018 hadi 2020: Agosti ni mwezi ambao mkulima wa pamba ana fedha mkononi.

La pili ni mizani yenyewe. Ununuzi wa pamba ukiisha, mizani ya AMCOS hulala hadi msimu unaofuata. Kuna ghala, kuna karani anayejua kupima na kuandika risiti, kuna njia ya malori. Katika miezi hiyo chama kingeweza kununua viroba chakavu na mabeseni yaliyovunjika kwa kilo, kila aina na lundo lake, kuvishindilia na kuviuza kwa mzigo badala ya kimojakimoja. Kiroba kingeuzwa kabla jua halijakimaliza, kikiwa bado na nguvu ya kurejelezwa, na kingeondoka kijijini kabla ya uchumaji ujao. Kiwanda cha plastiki kingepata malighafi, na robota la pamba lingepata usafi, kwa kazi moja.

Ghala lingehitaji kufagiwa vizuri kabla ya Mei, na pamba na plastiki zisikutane humo hata siku moja. Semina nyingi hazitahitajika. Wachumaji wa Simiyu wanajua kuchambua tangu utotoni. Wapewe bei mbili, wataiona tofauti.